Mashimo ya Kutembelea

Bwana Whitlock aliniachia orodha
nyuma ya kadi ya kuhesabia mapigo,
kwa penseli fupi kama jino:
viwanja kumi na viwili vya gofu, kwao Devon.
"Ukija, Kyungu, anza na huu wa pwani."
Ukija. Alisema hivyo mtu wa viatu vya misumari,
kana kwamba kutoka Katuba hadi huko
ni kuvuka barabara ya lami.

Miaka minne nilimbebea mkoba.
Nilijua fimbo anayoitaka kabla hajakohoa.
Nilijua na uongo wake: saba aliandika tano,
nami nikainua macho kwenye bomba refu la kiwanda,
lile lisilotoa moshi siku hizi,
nikajifanya nahesabu matofali.

Kandarasi yake mgodini ikaisha mwezi wa sita,
wakati wa baridi, wakati pori linachomwa
na majivu yanatua juu ya majani ya kijani
yaliyonyweshwa maji usiku kucha,
sisi tukichota kisimani kwa zamu.

Orodha naijua kwa moyo.
Wa kwanza, kondoo ndio wenye uwanja,
wachezaji huomba njia.
Wa pili uko juu ya jabali; upepo hucheza kukuzidi.
Wa sita una kanisa: kengele ikilia usipige,
ni mkosi.
Wa tisa, kaandika, usiende kwa ajili ya gofu,
nenda kwa ajili ya supu.

Nilimsomea Mwadi jikoni.
Akasonga bukari, hakugeuka.
"Supu ya nini?"
Sikujua. Hakuandika.
"Basi huyo si mtu wa kukuelekeza njia."

Jumapili ile nikachukua jembe.
Ng'ambo ya reli, pale nyasi zinapokataa kuota
kwa sababu ya mchanga mweusi wa kiwanda,
nikafukia makopo ya nyanya, midomo juu. Tisa.
Watoto wakaja na matawi ya mpera, na nondo iliyopindwa,
nami na mipira niliyozamia ziwani,
kila mmoja na kovu lake.

Sasa na mimi nina orodha, Bwana Whitlock.
Ukija,
anza kwa Mama Kabedi muuza makala:
mpira ukiingia guniani, umenunua gunia.
La pili liko nyuma ya kichuguu kinachoipita nyumba yangu kimo.
Usikizunguke. Piga juu yake.
Kwenye la tatu kuna mbuzi wa Pasta Mwepu;
hao hawaombwi njia, wanaombwa mpira.
La nne linapakana na reli.
Treni ikilia usipige.
Si mkosi. Ni treni.
La tano sipendi kulisema, nalikosa kila siku.
La sita, njoo kwa ajili ya supu:
ya viwavi, kwa pilipili ya Mwadi.
Nimekuandikia, ujue kabla hujapanda ndege.

La saba limefungwa.
Mwanangu Monga aliingiza mkono kutoa mpira,
kopo likang'oka, akatoa jiwe la kijani.
Kesho yake walikuja wanane na sururu.
Sasa ni shimo kweli, mita kumi na nne kwenda chini,
kamba ya nailoni, tochi, mtoto wa mtu.
Hapo hatuchezi.
Hapo tunaita majina
na kungoja yaitike.

Kadi nimeijaza, sikupunguza pigo.
La nane na la tisa nitakuonyesha mwenyewe,
ila usije asubuhi. Asubuhi nina kazi:
Monga anashuka saa kumi na mbili,
nami namshikia kamba
kama nilivyokushikia kibendera,
kimya, bila kusogea,
kivuli changu kisiguse mdomo wa shimo.